Acha Shabaha Iwe na Ukungu

Kwanza niliilaumu bastola. Niliisafisha, nikakaza skrubu zake, nikampa mwenzangu aijaribu. Akapiga tano, zote zikaishia kwenye tundu moja lililochanika pembeni, akanirudishia bila kusema neno. Nikahamia kwenye risasi: boksi lile lilikuwa limekaa sana kabatini. Nikabadilisha boksi. Baada ya hapo nikalaumu mkono, kisha usingizi, kisha viatu vipya. Nilikuwa na miaka 52, nimepiga shabaha kwa zaidi ya miaka 20, na kwa miezi kadhaa karatasi yangu ilikuwa kama ya mtu aliyesimama mbali akairushia kokoto.

Kilichonishangaza ni namna matundu yalivyotawanyika. Kushoto na kulia hayakwenda mbali sana. Shida ilikuwa juu na chini: moja linagusa ukingo wa juu wa duara jeusi, linalofuata liko chini kabisa kwenye weupe.

Mzee anayetufundisha alinitazama siku mbili bila kuniingilia. Ya tatu akaja kusimama nyuma ya bega langu.

"Unaona nini, bwana mdogo?" Kwake yeye kila asiyefika 70 ni bwana mdogo.

"Naiona shabaha, Mzee. Safi kabisa."

"Sikukuuliza shabaha. Kijiti kikoje?"

Nikainua tena, nikakitazama kile kijiti cha chuma kilichosimama mwishoni mwa mtutu. Nilikuwa nimekitazama maelfu ya mara bila kukiona. Ilibidi niseme ukweli. "Kina manyoya."

Akacheka, akaniambia niweke silaha chini. Nikatoa magazini, nikafungua chemba, nikaiacha mezani. Akachomoa kalamu mfukoni na kuishika mbele ya uso wangu, umbali wa mkono ulionyooshwa. Maandishi ya ubavuni mwake yalikuwa mchirizi mtupu. "Kunja ngumi, acha katundu kadogo katikati, kama ka kupitisha sindano. Chungulia." Nikachungulia, na herufi zikasimama moja moja, hadi vile vitarakimu vidogo ambavyo hakuna mtu huvisoma.

"Mkono hauna shida," akasema akirudisha kalamu mfukoni. "Nenda kapimwe macho."

Nilikasirika kidogo, nakiri. Naendesha gari bila miwani. Namtambua mtu akiwa mwisho wa barabara. Macho yangu yana nini?

Yana umri. Ndani ya jicho mna lenzi, na utotoni huwa laini; misuli midogo inaibana na kuiachia ili jicho lione mbali, kisha karibu, kisha mbali tena, bila mwenyewe kujua kuna kazi inafanyika. Miaka inavyokwenda lenzi inakakamaa. Kati ya miaka 40 na 45 wengi wetu huanza kusogeza gazeti mbali na uso, na kufikia 60 uwezo huo wa kubadilika huwa umebaki kidogo mno. Hakuna mazoezi ya macho yanayoilainisha tena, hata uambiwe nini na wanaouza mazoezi hayo.

Kwa anayesoma gazeti hii ni kero ndogo. Kwa anayelenga kwa vilengeo vya chuma ni janga, kwa sababu tangu mwanzo analiomba jicho lifanye jambo lisilowezekana. Kuna mwanya wa nyuma, ule mkato ambao unakitazama kijiti kupitia kwake, nusu meta hivi kutoka jichoni. Kuna kijiti cha mbele, sentimeta 70 hivi ukinyoosha mkono na bastola. Halafu kuna shabaha, meta 10 au 25 huko mbele. Ni vitu vitatu, kila kimoja kwa umbali wake, na jicho lina uwezo wa kuona kimoja tu kwa ukali. Kijana hudhani anaviona vyote kwa pamoja. Haoni. Jicho lake linakimbia huku na huku kwa kasi kiasi kwamba halijui kuwa linakimbia. La kwangu lilikuwa limechoka kukimbia, likaketi kwenye shabaha kwa sababu mbali ndiko lilikopumzikia, likakiacha kijiti kiote manyoya. Ukingo wa juu wa kijiti ulipopotea, nikawa nakisia urefu. Pembeni nilinusurika kwa kuwa mistari miwili ya mwanga, kushoto na kulia kwa kijiti, inaweza kulinganishwa hata ikiwa na ukungu.

Sasa swali ni kimoja kipi kiwe kikali, na hapa ndipo wengi hukataa kuamini, mimi nikiwa wa kwanza. Akili inasema uone shabaha, maana ndiyo unayotaka kuipiga. Mzee alinifundisha kwa uzi. Alifunga ncha moja ukutani, akarudi nyuma hatua kadhaa akiushika kwa vidole vya mikono miwili, kidole kimoja mbele na kingine nyuma, akausogeza mkono mzima kidogo kwenda kulia. Uzi ukaenda kulia kiasi hicho hicho. Kisha akakituliza kidole cha nyuma na kusogeza cha mbele peke yake, kidogo tu. Mstari wa uzi ukaelekea pengine kabisa.

Kwa hesabu iko hivi. Bastola yangu ina sentimeta 16 kati ya mwanya na kijiti. Kijiti kikikaa pembeni ya katikati ya mwanya kwa milimeta 1 tu, risasi kwenye meta 25 inakosea kwa zaidi ya sentimeta 15. Lakini mwanya na kijiti vikiwa vimepangana sawasawa, na mkono mzima ukahama milimeta 1 bila kupinda, risasi inahama milimeta 1. Kwa hiyo duara jeusi likiwa na ukungu unapoteza kidogo sana, kwani jicho lina kipaji cha kutafuta katikati ya kitu cha mviringo hata kikiwa hakina kingo. Kijiti kikiwa na ukungu, umepoteza karibu kila kitu. Acha shabaha iwe na ukungu. Sentensi hiyo niliisikia nikiwa na miaka 30, nikaitikia kwa kichwa, nikaielewa nikiwa na 52.

Basi nikafanya kosa ambalo naona kila mtu hulifanya. Nilikwenda nikanunua miwani ya kusomea, +2.00, ile inayoning'inia dukani kwenye kijiti cha waya. Nikaivaa uwanjani kwa mbwembwe. Mwanya wa nyuma ukawa mkali kupita maelezo, niliona hadi mikwaruzo. Kijiti kilikuwa bado na manyoya, ila sasa manyoya ya upande wa pili. Shabaha ilitoweka. Sitii chumvi, palikuwa na weupe, na ndani ya weupe palikuwa na kivuli kama cha kitu kilichozama majini. Miwani ile hukaza jicho sentimeta 50 kutoka usoni, mahali unaposhikia kitabu. Hakuna aliyewahi kupiga shabaha ya umbali wa kitabu.

Daktari wa macho niliyekwenda kwake hakuwahi kushika silaha, na hilo halikuwa tatizo. Tatizo lingekuwa mimi kumwelezea kwa maneno ya uwanjani. Nilikuwa nimepewa ushauri mmoja wa maana: usiende na bunduki kliniki, nenda na uzi. Mwenzangu alikuwa amenipima nikiwa nimesimama nimelenga bastola tupu, chemba wazi, kutoka kona ya jicho hadi kwenye kijiti, akafunga fundo. Nikamkabidhi daktari ule uzi. "Nataka nione vizuri hapa penye fundo, na kule mbali nisipoteze kila kitu." Akaupima: sentimeta 71. Akaufurahia uzi ule kuliko nilivyotarajia, akasema wagonjwa wengi humwambia "karibu karibu hivi" huku wakipunga mkono hewani.

Kinachofuata ni hesabu, na nitaieleza kwa sababu ndiyo iliyonirudisha uwanjani. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa diopta, na diopta ni 1 ukigawanya kwa umbali wa meta. Jicho linaloona mbali vizuri, likiwa limelegea, ukilivisha lenzi ya +1 hukaza kwenye meta 1. Lenzi ya +0.50 hulipeleka meta 2. Kijiti changu kikiwa sentimeta 71, lenzi ya kukiona barabara ni kama +1.40. Lakini ukivaa hiyo, shabaha inalipa gharama yote. Wapiga picha wanaijua hila ya kutoka hapo: kaza jicho kwenye umbali ambao ni mara mbili ya kijiti, na ukungu utagawanywa nusu kwa nusu, kijiti kichukue fungu lake na shabaha fungu lake. Nusu ya 1.40 ni 0.70, na kwa kuwa lenzi hutengenezwa kwa hatua za 0.25, tukaenda +0.75. Hilo fungu dogo lililobaki upande wa kijiti, misuli yangu iliyozeeka ilikuwa bado na nguvu ya kulimalizia.

Kwa bunduki ndefu kijiti huwa karibu na meta 1 kutoka jichoni, na hapo +0.50 huwatosha wengi. Na yote haya huongezwa juu ya namba ya miwani yako ya kuonea mbali, kama unayo. Hapa wenye macho yasiyoona mbali wana la kutucheka: mtu mwenye -0.75 huvua tu miwani yake, akawa amepata bure kile nilichokilipia mimi. Nina rafiki wa namna hiyo. Alinikumbusha utani wote niliomtania shuleni.

Daktari aliniwekea lenzi ya majaribio kwenye lile fremu zito la chuma, nikanyoosha mkono, nikasimamisha kidole gumba mahali pa kijiti na kukilinganisha na chati iliyo ukutani. Ukucha ulikuwa na ukingo. Chati ilikuwa na ukungu mwembamba, kama dirisha lililopumuliwa. Nilitaka kumkumbatia.

Nikaharibu tena, lakini. Kwa kubana matumizi niliomba nguvu hiyo iwekwe ndani ya miwani moja ya kila kazi, ile ambayo juu ni ya mbali na inabadilika polepole kuelekea chini. Kwa ofisini ni miwani mizuri. Kwenye shabaha ni adha. Sehemu ya karibu iko chini ya lenzi, kwa hiyo ili kukiona kijiti nilipaswa kuinua kidevu kama mtu anayenusa harufu, na shingo ikichoka kidogo naangalia kupitia namba nyingine. Kila risasi ilipigwa na jicho tofauti. Wapo wanaopiga bastola ambao hugeuza mambo, wanaomba kipande cha nguvu ya karibu kiwekwe juu ya lenzi badala ya chini, ili mtu akiinamisha kichwa kidogo katika kulenga akutane nacho. Kwa shughuli zinazohitaji pia kutazama mbali na kutembea, ni wazo zuri. Mimi nilichagua njia ya kijinga na rahisi: miwani ya pekee, lenzi ya polikaboneti ya kuhimili vipande vinavyoruka, jicho la kulia +0.75, la kushoto namba yangu ya mbali. Sitembei nayo, siendeshi nayo gari. Inakaa kwenye kisanduku na viziba masikio.

Turudi kwenye ile ngumi, maana nimeipita haraka na ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote. Tundu dogo hukata miale inayoingia jichoni kwa pembeni, ile ambayo lenzi iliyokakamaa inashindwa kuikusanya, na kubakiza ya katikati inayopita karibu bila kupinda. Ndiyo maana vitu vya karibu na vya mbali huwa vikali kwa pamoja. Bunduki zenye kilengeo cha nyuma cha tundu zinatumia siri hii hii, na zinaongeza zawadi nyingine: jicho hulitafuta lenyewe katikati ya tundu, hutakiwi kulipangia. Kama unapiga bunduki ndefu yenye mwanya na unaweza kuibadilisha iwe ya tundu, fanya hivyo kabla hujatumia pesa kwenye kitu kingine chochote.

Kwa bastola unaweza kubandika utepe mweusi kwenye lenzi ya miwani na kuutoboa. Nilifanya hivyo kabla miwani yangu haijawa tayari. Tundu la milimeta 1 hadi 1.5 ndilo linalofaa. Likizidi udogo huo mwanga wenyewe huanza kutawanyika kwenye kingo na picha inaharibika upya. Tatizo la utepe ni kuuweka mahali. Unavaa miwani, unalenga na silaha tupu, mwenzako anashika kalamu na kuweka alama mbele ya mboni yako, na mnakosea mara tatu. Tena tundu linaiba mwanga. Mchana wa jua ni raha, jioni ni giza, na ukitaka kuangalia kinachoendelea pembeni yako uwanjani huoni kitu, jambo ambalo silipendi hata kidogo. Siku hizi natumia utepe kwenye mazoezi ya kupiga peke yangu tu.

Tundu lina kazi nyingine ambayo ningependa kila msomaji aikumbuke hata kama hajawahi kugusa bunduki. Ukichungulia kupitia tundu dogo na uoni wako ukawa bora, kuna uwezekano mkubwa kuwa shida yako ni ya namba, miwani itaitibu. Ukichungulia na hakuna kilichobadilika, au pakawa pabaya zaidi, shida inaweza kuwa mahali ambapo miwani haifiki: lenzi yenye ukungu, au huko nyuma kwenye ukuta wa jicho. Hapo usibishane na utepe, nenda kwa daktari.

Kuhusu kufumba jicho la pili, nilikuwa nalifumba kwa miaka yote. Kulifumba kunachosha misuli ya uso, na kwa kuwa mboni zote mbili huongozwa pamoja, ukilitia giza jicho moja mboni ya lile lingine nayo hutanuka, wakati wewe unataka isinyae. Kipande cheupe cha plastiki au utepe usio angavu mbele ya jicho lisilolenga hutosha: mwanga unaingia, picha haiingii. Yusuf Dikeç, yule Mturuki aliyeshangaza watu kwenye Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 51, alipiga macho yote mawili yakiwa wazi, miwani yake ya kawaida usoni na mkono mmoja mfukoni, akapata fedha kwenye bastola ya hewa ya meta 10 pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Watu walimfanya kichekesho cha mtandaoni. Mimi nilikuwa natazama miwani yake.

Na lipo suala la jicho lipi ndilo bwana. Nyoosha mikono yote miwili, viganja vikiungana na kuacha kidirisha kidogo, tazama kitu cha mbali kupitia hapo, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linalobaki na kile kitu ndilo linaloongoza. Kuna wanaotumia mkono wa kulia na jicho linaloongoza ni la kushoto, na wanaweza kuishi hivyo miaka bila kujua kwa nini risasi zinakwenda upande. Jicho langu linaloongoza ni la kulia, lakini kwa mwaka mmoja hivi nilijaribu kuhamia la kushoto, lililokuwa na afya zaidi. Kwa bastola inawezekana, unageuza kichwa kidogo tu. Kwa bunduki ndefu inabidi uhamishe kitako bega la pili, na mwili mzima unalalamika. Nilipokuwa nataka kukata tamaa, Mzee aliniambia habari za Károly Takács wa Hungaria, askari ambaye bomu la mkono lilimharibu mkono wa kulia mwaka 1938. Alijifunza kupiga kwa kushoto, akachukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1948, na nyingine mwaka 1952. Nikamjibu Mzee kwamba huyo alikuwa na macho. Akanuna siku nzima.

Wengi huniuliza kwa nini nisimalize ubishi kwa kufunga kilengeo cha nukta nyekundu. Ni swali zuri. Taa ndogo ndani yake inarushwa kwenye kioo kwa namna ambayo jicho linaiona nukta kana kwamba iko mbali sana, kule kule iliko shabaha. Vitu vitatu vinakuwa kimoja. Mzee asiyeona kijiti anarudi ujana wake kwa dakika kumi. Nimeazima ya mwenzangu mara nyingi, na kwa kujifunza haraka sijaona kinachoishinda.

Ila siku ya kwanza nilipoiwasha sikuona nukta. Niliona kitu kama nyota yenye mkia uliopinda kushoto. Nikamwambia mwenye nacho kwamba kilengeo chake kibovu, karibu tukosane. Dawa ya ugomvi huo ni simu: weka kamera ya simu nyuma ya kioo, piga picha. Kwenye picha nukta ilikuwa ya mviringo, safi. Kibovu nilikuwa mimi. Konea yangu, ule ukuta angavu wa mbele ya jicho, haijapinda sawasawa pande zote. Imekaa kama yai kuliko mpira, na nuru ya nukta moja inatua imevutwa. Njia nyingine ya kujua ni kuinamisha kichwa upande huku silaha ikibaki palepale. Mkia ukizunguka na kichwa, ni wa kwako. Miwani iliyorekebishwa kwa kasoro hiyo iliufupisha sana mkia wangu. Kupunguza mwangaza wa taa hadi nukta ionekane kwa shida kulisaidia vilevile, kwani wengi huiwasha kama taa ya lori. Kwa ambaye hata hivyo haponi, kuna vilengeo vyenye alama iliyochorwa kwenye kioo chenyewe, na darubini za bunduki zenye pete ya kuzungusha kwenye kioo cha jicho. Hiyo pete, elekeza darubini kwenye mbingu au ukuta mweupe, tazama alama kwa mtupo mmoja wa jicho, ondoa jicho, zungusha, rudi. Ukiitumbulia macho muda mrefu jicho litajilazimisha na utapanga darubini vibaya.

Mimi nilibaki na kijiti cha chuma kwa ubishi tu, na kwa sababu mashindano ninayoyapenda hayaruhusu taa. Nimekisaidia kijiti kwa hila ndogo. Nimekipaka weusi usiong'aa, maana jua likigonga ubavu mmoja jicho hudhani kijiti kimehamia huko. Nimepanua mwanya wa nyuma kidogo ili mistari ya mwanga pembeni iwe minene. Silengi katikati ya jeusi, weusi juu ya weusi ni uchawi. Nalenga chini ya duara, kwenye weupe, nikiacha utepe mwembamba kati yao. Na sishikilii. Zamani niliweza kulenga sekunde 15 nikitafuta ukamilifu. Sasa kikifika sekunde ya nane hivi sijapiga, nashusha mkono, napepesa, naangalia kitu cha mbali, naanza upya. Jicho lililotumbua muda mrefu hukauka na kuanza kukuonyesha picha ya zamani badala ya iliyopo.

Kuna siku moja sijaisimulia sana. Ilikuwa jioni, mawingu, mboni zimetanuka, na mboni ikitanuka kasoro zote za jicho hujitokeza kwa pamoja. Nilipiga risasi tano nzuri. Nilizihisi nzuri, kijiti kilikuwa safi, triga iliachia bila mshtuko. Tulipokwenda kukusanya karatasi, yangu ilikuwa tupu. Haikuwa na tundu hata moja. Ya jirani yangu wa kulia ilikuwa na matundu kumi.

Nilikuwa nimepiga shabaha ya mwenzangu. Namba zilizo juu ya fremu, ya kwangu na ya kwake, machoni pangu zilikuwa doa na doa. Wenzangu walicheka sana, jirani akaomba nimpigie kila wiki kwa kuwa alama zake zilipanda. Nilicheka nao. Usiku sikulala vizuri. Kila kitu nilichoandika hapo juu kinahusu kuacha shabaha iwe na ukungu, na ni kweli, lakini ukungu huo ni wa karatasi ambayo umeshaijua ni ipi, mbele ya tuta la udongo ambalo umeshajua liko wapi. Kuitambua shabaha na kilicho nyuma yake ni kazi tofauti na kulenga, na inafanywa kwanza, kwa miwani ya mbali, silaha ikiwa chini. Tangu siku ile nina utaratibu ambao vijana huuona wa kizee: naangalia kwa miwani ya mbali, nasoma namba kwa sauti, nahesabu fremu kutoka ukutani, ndipo nabadilisha miwani. Nisipoisoma namba, sipigi. Nimewahi kufungasha na kuondoka nikiwa sijapiga hata moja, na msimamizi wa uwanja hakuniuliza kitu.

Kadhalika kuna mambo ambayo huwa nawaambia wa rika langu, hata wakinuna. Mwenye kisukari asiende kupimwa miwani sukari ikiwa imepanda. Lenzi ya jicho hubadilika na sukari, na namba utakayopewa itakuwa ya wiki hiyo tu. Presha ya macho hula uoni wa pembeni kimyakimya, na mlengaji, ambaye kazi yake ni kutazama katikati, atakuwa wa mwisho kugundua. Oscar Swahn wa Uswidi alipata medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1920 akiwa na miaka 72, kwa hiyo umri peke yake si hukumu. Na kwenye biatholoni ya walemavu, mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kupiga shabaha, wasioona hupiga shabaha ya meta 10 kwa kusikiliza, sauti ikibadilika mtutu unapokaribia kitovu. Nilijaribu kuwaza hilo nikiwa nimefumba macho kitandani. Nadhani ningekosa kitanda.

Sasa nina 61. Mwaka jana manyoya yalirudi, nikachungulia kupitia ngumi kama nilivyofundishwa, na ngumi haikusaidia. Kijiti kilikuwa kimezungukwa na mng'aro kama wa taa kwenye mvua, na jua la mchana, lililokuwa rafiki yangu, likawa adui. Ni mtoto wa jicho, la kulia. Daktari ni yule yule. Alinieleza kwamba atatoa lenzi yangu iliyopata ukungu na kuweka ya bandia, na kwamba lenzi hiyo haitabadilika, itakaza umbali mmoja maisha yangu yote, kwa hiyo nichague. Wengi huchagua mbali. Wengine, wasomaji sana, huchagua karibu.

Nikatia mkono mfukoni. Nilikuwa nimekuja na uzi, ule ule, fundo limekuwa jeusi kwa jasho la vidole. Akaucheka, akaukunjua juu ya meza, akauongeza urefu mara moja kwa rula yake hadi ukafika karibu na ukingo.

"Mara mbili ya fundo?" akauliza.

"Mara mbili ya fundo. La kushoto liache lione mbali, la kusoma namba."

Akaandika kwenye faili, akapiga mstari chini yake, akanirudishia uzi.